Kengele Isiyopimwa

Kalorema, 28 Mei 1956

Mwalimu Theoktisti,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango wa chumba chako. Ukimaliza, itie barua hii motoni pamoja na vipande vya mishumaa. Neno hata moja lisitoke. Mama Mkuu asijue, wala yule sista anayepokea kapu la mkate. Nimeiweka chini ya kitambaa, chini ya mkate wa tatu, kwa sababu Mzee Vaios anayepakia kapu kwenye winchi haoni vizuri, lakini mikono yake ni midadisi.

Mimi ni Anestis Dalkas, mwanafunzi wako wa Volos, yule wa dawati la dirishani uliyemwambia anaota macho wazi. Tangu vuli iliyopita ni karani wa ofisi ya kijiji hapa chini. Kila asubuhi natazama mwamba wenu, na monasteri kileleni mwake, ukitoka kwenye ukungu, na kila asubuhi nimeona haya kukuandikia. Najua sasa unaitwa Sista. Kwangu utabaki Mwalimu.

Kengele yenu imefika. Iko ghalani imefunikwa blanketi, na watu wanaingia kuitazama kwa miguu ya polepole kama wanaomtazama mtoto aliyelala. Unajua ilivyotengenezwa: kila nyumba ilitoa shaba yake, sinia, birika, vitasa vya milango, mabaki ya vita yaliyookotwa mashambani. Vyote vikayeyushwa. Kwa hiyo hakuna anayejua ina kilo ngapi. Na haiwezi kupimwa. Nilipotaja mizani, wanawake walijifanyia ishara ya msalaba. Kinachopanda mizani kabla ya kubarikiwa, wanasema, ni cha kuuzwa, na kengele iliyopimwa haitoi sauti ya kweli.

Mwenyekiti Zisis Kaloudas alinisomea barua ya kwenda kwa mhandisi wa wilaya. Alipofika kwenye uzito alitazama dari, akasema, “Andika mia nne.” Nikauliza mia nne imetoka wapi. “Imetoka kinywani mwangu. Piga taipu, kijana.” Nikapiga. Muhuri pia niliugonga mimi.

Kamba ya waya ya winchi iliyo huko juu kwenu imeandikwa kwamba isibebe zaidi ya nyutoni elfu nane. Siku ya Sikukuu ya Kupaa kengele itapandishwa mbele ya Askofu kwa mota mpya ya umeme, ile waliyotununulia ndugu zetu walio Amerika. Na ndani ya kasha, pamoja na kengele, atapanda mtu ameushika ulimi wa kengele, ili isilie kabla ya baraka. Nafikiri juu ya mtu huyo. Simjui, lakini naota anapanda, anapanda, na mwamba hauishi.

Nifanyeje, Mwalimu? Naogopa.

Mwanafunzi wako,
Anestis


Juu, 30 Mei

Mwanangu Anestis,

Barua yako imeungua vizuri. Ilikuwa na harufu ya mkate.

Niliujua mwandiko kabla ya jina. Bado unaziandika herufi zako kama zinazotembea kwenye barafu.

Huku juu siku hizi ukungu unaingia hadi kwenye kanisa dogo, na wakati wa sala tunasikiana bila kuonana. Mguu wangu wa kushoto umekataa ngazi za mwamba, kwa hiyo dunia yangu ni ua mmoja, kisima na mbayuwayu. Lakini usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama tena mbele ya ubao, na chaki haikuwa na uzito.

Sasa sikiliza. Mizani haiulizi kitu kina tungamo gani. Mizani inauliza dunia inakivuta kiasi gani. Kuna njia nyingine ya kuuliza, nawe uliijua ulipokuwa na miaka kumi na minne: kisukume kitu, uone kinavyokubali kuondoka. Kizito huchelewa kukubali. Kani ni tungamo mara mchapuko. Ukijua umevuta kwa kani gani, ukajua na mwendo uliongezeka kwa mchapuko gani, gawanya. Tungamo litajitaja lenyewe.

Kati ya ghala na mwamba kuna reli ya kigari cha magunia, imelala sawa kama meza. Iweke kengele juu ya kigari, ambako itawekwa kwa vyovyote. Azima mizani ya springi ya mchinja nyama. Vuta kwa mizani hiyo, mshale ukae pale pale, upime umbali na muda. Hakuna atakayesema umeipima. Umeivuta tu.

Kigari kipime peke yake. Kigari hakibarikiwi.

Unasema unaogopa. Vizuri. Wasioogopa hawakuwahi kunionyesha hatua zao za hesabu.

Theoktisti


Kalorema, 4 Juni

Mwalimu,

Ichome na hii, na majivu yake uyatawanye.

Nimefanya. Nilisema tunajaribu reli kabla ya sikukuu. Mzee Vaios ndiye aliyevuta, kamba begani, mizani ya mchinja nyama mbele ya pua yake kwa sababu ya macho yake.

“Karani,” akasema, “nimevuta punda, nimevuta mashua, nimemvuta hata mke wangu kutoka kwa mama yake. Kengele sijapata kuivuta na mizani ya kondoo.”

“Mshale usitoke kwenye ishirini na tano, Mzee.”

“Ukitoka?”

“Tunaanza upya.”

“Basi hautatoka. Mke wangu ameshapakua.”

Ilianza polepole mno, mpaka nilidhani haijaanza. Blanketi lilitikisika kidogo, kama mtu anayegeuka usingizini. Halafu ikawa inakuja. Kutoka kusimama ilienda mita kumi kwa sekunde kumi. Mchapuko wake basi ni sifuri nukta mbili. Mshale kwenye kilo ishirini na tano ni nyutoni mia mbili na hamsini, kwa kutumia kumi kama ulivyoturuhusu badala ya tisa nukta nane.

Mia mbili na hamsini kugawa kwa sifuri nukta mbili ni elfu moja mia mbili na hamsini. Nikitoa kigari, kilo mia moja na thelathini, inabaki elfu moja mia moja na ishirini.

Mwalimu, hiyo ni karibu mara tatu ya niliyoipigia muhuri. Uzito huo peke yake ni nyutoni elfu kumi na moja na zaidi. Kamba itakatika hata ikining'inia tu bila kwenda popote. Jana sikula. Nilikaa ofisini, na sanduku la umeme linalolisha mota, lililo ukutani nyuma ya kiti changu, likanguruma mchana kutwa kama linalojua.

Ningeomba uniambie nimekosea.

Anestis


Juu, 5 Juni

Mwanangu,

Umekosea. Kula.

Umeisahau reli. Mwambie Mzee Vaios avute tena, lakini safari hii kigari kikishaanza kwenda, akiache kiende mwendo ule ule, usiongezeke wala usipungue, nawe usome mshale. Namba utakayoona ni ile inayoliwa na msuguano, magurudumu na kutu. Itoe kwenye zile mia mbili na hamsini kwanza. Kengele ilipata kilichobaki tu.

Ulilifanya kosa hili hili mwaka ule, kwa gari la kuchezea, na nilikuandikia pembeni kwa wino mwekundu: dunia haitelezi hivyo. Ulilia. Nami siku hiyo nilipofika nyumbani nilijuta wino ule.

Ukishapata tungamo la kweli, ongeza la kasha. Kisha ongeza kilo hamsini. Usiniulize ni za nani. Mtu akilijua jina la mzigo, kalamu humtetemeka.

Kisha nijibu swali moja ambalo hakuna huko chini aliyeliuliza: mota mpya inaanzaje?

Naota ndoto moja mara nyingi siku hizi. Nimo ndani ya kitu kinachoshuka, na kila kitu kilichomo kinashuka pamoja nami, ufunguo wangu, tasbihi yangu, nywele zangu ambazo sijaziona miaka tisa, na hakuna chenye uzito. Ni ndoto tamu. Ndiyo maana siiamini.

Theoktisti


Kalorema, 9 Juni

Mwalimu,

Msuguano unakula nyutoni mia moja. Kwa hiyo kengele na kigari vilipata mia na hamsini. Kugawa kwa sifuri nukta mbili: mia saba na hamsini. Kutoa kigari: kilo mia sita na ishirini. Nililala kwa mara ya kwanza wiki hii, nikaota shamba la ngano.

Kasha ni kilo sabini. Zile hamsini zako nimeziongeza bila kuuliza. Nimekisia ni za mtawa atakayeushika ulimi. Namwazia ni yule mdogo, Sista Magdalini, anayeimba akichota maji. Sauti yake hutufikia hadi ofisini. Jumla ni mia saba na arobaini. Ikining'inia imetulia, kamba itabeba nyutoni elfu saba na mia nne. Inatosha! Nilitaka kukuandikia neno hilo tu.

Kisha nikakumbuka swali lako. Nilining'iniza ile mizani ya springi ndani ya kasha tupu, na chini yake jiwe la kilo kumi. Nikaomba mota iwashwe. Kasha liliruka kama paka aliyekanyagwa, na katika mruko huo mshale ukaenda hadi kumi na tatu, kisha ukarudi kumi. Jiwe lile lile, Mwalimu. Halikuongezewa hata chembe. Ila lilitakiwa kuondoka kwa haraka, na haraka hiyo iliilemea springi kama kilo tatu zaidi.

Kwa hiyo kila kilo, wakati mota inaanza, inaivuta kamba kwa nyutoni kumi na tatu badala ya kumi. Mia saba na arobaini mara kumi na tatu: elfu tisa mia sita na ishirini. Kamba ni ya elfu nane.

Nilikwenda kwa Mwenyekiti. Nilikuwa nimezipiga hesabu taipu. Alikuwa anakunywa kahawa na alinisikiliza hadi mwisho, na hilo lilinipa moyo.

“Kamba hii,” akasema, “mwaka wa thelathini na moja ilipandisha jiwe la kinu. Lilikuwa zito kuliko kengele yako. Nilikuwepo.”

“Ilizungushwa kwa mikono, Mwenyekiti. Taratibu. Mota inaruka.”

“Kwa hiyo mota ya Amerika ni mbovu kuliko mikono ya baba yangu?”

“Siyo mbovu. Ni ya haraka. Tukiirudisha ile mitaimbo ya zamani kwenye winchi, watu wanane wakizungusha...”

“Mbele ya Askofu! Ndugu zetu wachoshe miguu yao kuosha vyombo kule Chicago, watununulie mota, halafu tuzungushe kwa mikono kama wakati wa utawala wa Mturuki?” Hakukasirika. Alicheka, na hicho ndicho kilichonimaliza. “Anestis, mwanangu, nimekuajiri upige taipu au upime upepo? Mia nne uliandika wewe. Muhuri wako. Kama ni uongo, ni uongo wa nani?”

Nikasema, “Wangu.” Nikatoka.

Nimejaribu, Mwalimu. Mimi si mtu wa kugonga meza. Labda kamba ina nguvu kuliko ilivyoandikwa. Watengenezaji huacha nafasi. Labda mota siku hiyo itaanza kwa upole. Mwombeeni Sista Magdalini.

Anestis


Kwa mkono, siku ya Kupaa, 14 Juni

Anestis,

Nimekuandikia hii kabla ya kushuka, nikupe nitakapopita mbele yako. Usinitazame unapoisoma.

Sikukuambia desturi ya huku juu. Ulimi wa kengele mpya hushikwa na mtawa aliyekaa muda mrefu zaidi bila kukanyaga ardhi ya chini. Ndiyo maana hushushwa kwanza kwa kasha tupu, akanyage, kisha apande nayo. Sista Magdalini alikwenda kwa daktari wa meno mwezi wa pili. Wengine wote wameshuka kwa hili au lile. Mimi nina miaka tisa.

Kilo hamsini ni mimi. Hamsini na moja, tukihesabu na viatu, lakini nitavivua.

Nilimweleza Mama Mkuu hesabu yako yote. Alinishika mkono akasema imani yangu imechoka. Ningeweza kukataa. Lakini nikikataa atapanda anayefuata, na namba haibadiliki kwa kubadilisha jina.

Sikuandikii ili ufanye jambo. Hesabu yako ni sahihi, hatua zote. Nilitaka usikie hilo kutoka kwangu, bila wino mwekundu.

Theoktisti


Ofisi ya Kijiji, Kalorema, 15 Juni 1956

Kwa Mama Mkuu Mheshimiwa,

Naandika kwa mkono wangu kwa kuwa sina karani. Naomba radhi, kwa niaba ya kijiji, kwa aibu ya jana. Umeme ulikatika wakati ule ule wa kuwasha mota, na tukalazimika kurudisha mitaimbo na kuzungusha kwa mikono kama wazee wetu. Askofu ameniandikia kwamba hajaona kitu kizuri hivyo tangu apewe joho, na kwamba hata yeye viganja vinamuuma. Sijui nikasirike au nishukuru.

Umeme haukukatika wenyewe. Fyuzi ya kaure iliondolewa kwenye sanduku la ofisini. Aliyeiondoa amekuja kuniambia mwenyewe kabla sijaanza kumtafuta, kofia mkononi. Nimemfukuza. Ningefanya nini, Mama? Kijiji kizima kilikuwa kinanitazama.

Fyuzi yenyewe amekataa kuirudisha. Mota haina cha kuiwasha mpaka ije nyingine kutoka mjini Trikala. Na kwa kuwa nimeshaudhika, mitaimbo ibaki pale ilipo.

Zisis Kaloudas, Mwenyekiti


Juu, 17 Juni

Mwanangu Anestis,

Sijui barua hii itakukuta wapi. Namtumia Mzee Vaios, naye ameapa kwa macho yake, kiapo chepesi.

Nakuandikia jinsi ilivyokuwa, kwa sababu wewe ulikuwa upande wa chini wa kamba.

Kwanza nilivua viatu. Nyasi zilikuwa na baridi na nilikuwa nimesahau kwamba ardhi hujibu kidogo unapoikanyaga. Jiwe la huku juu halijibu. Nilipita mbele yako nikakupa barua, kisha nikatembea hatua chache kuelekea mtoni. Harufu ya mnanaa ilinifanya nisahau nilichoshukia. Kisha nikakuona kwenye mlango wa ofisi na barua mkononi, na uso wako ulikuwa ule ule wa dawati la dirishani.

Nikaingia ndani ya kasha, nikaingiza mkono chini ya kengele, nikaushika ulimi. Ulikuwa wa baridi na mzito kama samaki mkubwa. Mwenyekiti akainua mkono. Nilifumba macho, nikazisema namba zako badala ya sala, Mungu anisamehe. Mota haikuwaka. Mwenyekiti akainua mkono tena. Nikafumbua macho, nikakuona umetoka ofisini umeutia mkono mfukoni, kama mwanafunzi aliyeficha chaki.

Sikuhisi tulipoanza. Nataka ulijue hilo. Watu walikuwa wameshapanda ngazi na kushika mitaimbo, tulisikia wimbo wao kutoka juu, wimbo wa kuvuna, na Askofu alikuwa ameshakunja mikono ya joho. Lakini sikuhisi. Nilidhani bado tuko chini, mpaka nilipoona nyasi zimekuwa mbali. Huo ndio mchapuko mdogo, Anestis. Nimeufundisha miaka kumi na sita ubaoni na sikuwahi kuwa ndani yake. Jiwe lako la kilo kumi lingekuwa kumi na chembe tu. Dunia ilituachia bila kugombana.

Tulipanda alasiri nzima. Mbayuwayu walipita kwa usawa wa macho yangu. Kivuli cha mwamba kilivuka mto, kikavuka barabara, kikafika kwenye mashamba. Walioshika mitaimbo walipokezana, na kila wimbo ulipobadilika kengele ilitetemeka ndani ya kiganja changu, bila sauti, kama koo la mtu anayetaka kusema na anangoja. Sikuiachia. Sikutamani kufika.

Sasa imebarikiwa na imetundikwa. Ingeweza kupimwa, kwa kuwa si haramu tena, lakini nani ataishusha? Kwa hiyo mia sita na ishirini itabaki yetu wawili. Wala hatutajua kamwe kama kamba ingekatika. Mwenyekiti atasema maisha yake yote kwamba isingekatika. Mwache.

Umepoteza kazi kwa ajili ya namba ambayo hakuna atakayeithibitisha. Ulisema wewe si mtu wa kugonga meza. Kweli, hukuigonga.

Niambie unakula.

Theoktisti


24 Juni

Mwalimu,

Ichome na hii. Najua kila kitu kimeshajulikana, ila nimezoea.

Sikufanya kwa ujasiri. Nilisoma barua yako, nikarudi ndani nikae, na sanduku la umeme lilikuwa pale nyuma ya kiti. Mkono ulikwenda wenyewe. Fyuzi ilikuwa ya moto na nyeupe kama yai. Muda wote ulipokuwa unapanda niliishika mfukoni, na niliogopa kwamba nikiilegeza tu, kitu fulani kitaruka.

Nilimwambia Mwenyekiti kwa sababu nisingeweza kulala. Aliponifukuza alinipa mkate wa nyumbani kwake, halafu akaniita mjinga, halafu akaniuliza ile kumi na tatu niliipataje. Nikamwonyesha kwa kijiko na utepe wa mpira. Alikitazama kijiko kikishuka muda mrefu.

Ninakula. Nimepata kazi ng'ambo ya mto, kwenye stesheni ndogo ya reli, nakagua mizigo ya mabehewa. Hapa wanapima kila kitu na hakuna anayejifanyia ishara ya msalaba. Mwamba wenu siuoni, mlima mwingine umekaa katikati. Lakini jioni upepo ukitoka kwenu naisikia kengele, nami hujua ni mkono wa nani uliouzuia ulimi ule usiseme mapema.

Ukitaka kunipata, usiandike kwa ofisi ya kijiji. Weka barua chini ya kitambaa katika kapu tupu linaloshuka Jumamosi. Mzee Vaios ataikabidhi kwa dereva wa lori la jibini, yule mwenye masharubu mekundu, naye ataiacha dirishani kwa mkata tiketi. Asiulizwe chochote, ni mtu mwema lakini msemaji. Na juu ya bahasha usiandike jina langu. Andika namba tu, mia saba na arobaini, nami nitajua ni yangu.

Anestis